Laptop mbovu inayomlisha Ibtihal

Saa tatu na robo asubuhi, Ibtihal Shuqeirat amebonyeza kitufe cha kuwashia laptop, na sasa anasubiri. Mguu wake wa kulia unatikisika chini ya meza. Anasimama, anafungua dirisha, analifunga, anarudi kukaa. Kioo bado ni cheusi.

"Dakika moja na nusu," anasema bila kuulizwa. Mkononi ana simu inayohesabu sekunde.

Nje, lori la mitungi ya gesi linapita likipiga ule wimbo wake ambao mji mzima wa Irbid, hapa Jordan, tumeuchoka. Mama yake anapaza sauti kutoka jikoni kuuliza kama gesi iliyobaki itafika Ijumaa. Ibtihal anajibu kuwa itafika. Hana habari na gesi. Macho yake yako kwenye kioo.

Inapotimia dakika nne na sekunde kumi na mbili, laptop inafunguka. Anaandika namba hiyo katika daftari, mstari wa kwanza wa ripoti ya leo.

"Leo kaamka na heri," anasema. "Kuna siku hugoma kabisa, nikamwimbia."

Laptop yenyewe ina kioo cha inchi kumi na moja na umri wa miaka kumi na minne. Herufi mbili zimeng'oka, na feni inalia kama kinu cha kusagia kahawa. Nyumbani wanaiita Ajuza. Kazi ya Ibtihal, kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, ni kucheza gemu ndani ya Ajuza na kuwaambia waliozitengeneza ni wapi zimekwama, wapi picha zimerukaruka na wapi mashine imeganda. Kwa kazi hiyo analipwa dinari 240 kwa mwezi.

Waajiri wake ni kampuni ndogo ya Amman yenye watu tisa. Wanatengeneza gemu kwa ajili ya watu wenye kompyuta dhaifu, na tusidanganyane, hapa kwetu hao ndio wengi. Wanafunzi, makarani, kina mama waliorithi laptop za watoto waliokwenda Ghuba, wote wamo.

Kabla ya hapo Ibtihal, ambaye sasa ana miaka thelathini na minane, alikuwa mkaguzi wa mishono katika kiwanda cha nguo. Alisimama saa tisa kwa siku kwa miaka kumi na mmoja, mpaka mgongo ukakataa. Daktari alimwambia achague kazi au mgongo. Alikaa nyumbani miezi saba akicheza gemu za kulima na kupika kwenye Ajuza, aliyemnunua kwa mtu akiwa tayari mkongwe, mpaka alipoona tangazo.

"Kwenye usaili wenzangu wote walikuwa wanajisifia mashine zao," anakumbuka. "Mimi nikasema yangu huchukua dakika nne kuamka. Injinia Hazar akacheka mpaka akavua miwani. Akaniambia, wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta."

Hazar ndiye msimamizi wake. Mkataba aliompa una masharti mawili: gemu ambayo haijatoka asiione mtu wa nje, na Ajuza asibadilishwe hata msumari. Kila toleo jipya hupimwa kwa mashine ileile, kwa uzito uleule, la sivyo namba zote za nyuma hazina maana.

Ajabu ni kwamba kazi hii ya kungoja amepewa mtu asiyejua kungoja. Ibtihal hula amesimama. Chai humuunguza ulimi kila siku ya Mungu. "Mama anasema nilizaliwa mwezi wa saba kwa sababu sikuweza kuusubiri wa tisa," anasema, na mama yake, anayeingia na sahani ya viungo vya zaatari na mkate, anaapa kuwa ni kweli.

Kwa hiyo hupiga kelele. Kila asubuhi majirani humsikia: "Amka, Ajuza! Amka, Mungu wangu, utaniua na presha!" Kelele hizo ndizo zilizozua balaa la Oktoba.

Aliyezisikia zaidi ya wote ni mdogo wake, Ghaleb, anayelala chumba cha pili. Ghaleb ana miaka ishirini na tisa na anaendesha gari la kusambazia maziwa. Ana moyo wa dhahabu, na dada yake anasema ni bahati, maana kichwani hamna kitu. Akiwa kitandani, siku baada ya siku, alimsikia dada yake akiteseka. Akaamua kumwokoa.

Ibtihal alikwenda Ajloun siku mbili kwenye harusi ya binamu yake. Aliporudi Jumamosi jioni alimkuta Ghaleb mlangoni, tabasamu masikio kwa masikio.

"Dada, fumba macho."

"Nimechoka, Ghaleb. Sema unachotaka."

"Nimekuponya. Nenda kamwashe Ajuza."

Alimwasha. Kabla hajavuta kiti, laptop ilikuwa imefunguka. Sekunde kumi na moja.

"Umefanya nini?"

"Nimempeleka kwa fundi Raafat. Memori mpya, diski mpya, vyako vyote kavinakili humo, kila kitu kipya! Kawa msichana! Hakuna tena kupiga kelele."

"Ya zamani iko wapi?"

"Ya nini? Takataka ile? Raafat kaichukua."

"Ghaleb," alisema Ibtihal, "mimi nalipwa kwa sababu ni takataka."

Kijana alicheka kwanza, akidhani ni utani. Kisha akamwona dada yake amekaa sakafuni, na yeye akakaa pia. Mama yao aliwakuta hivyo, akauliza nani kafa.

Ibtihal anakiri jambo moja kuhusu jioni ile. Kabla ya kumtafuta fundi, aliifungua ile gemu anayoijaribu, inayohusu kijiji chenye kinu cha mafuta ya zeituni, ili aione tu kwenye mashine yenye nguvu. Kwa miezi minane alikuwa ameona ndege wa kijiji kile wakitoka tawi moja na kutokea jingine. Sasa aliwaona wakipiga mabawa.

"Nililia," anasema. "Miezi minane nadhani wale ndege wanaruka kama vyura. Kumbe walichorwa vizuri vile, na mtu mwenye laptop kama yangu hatawaona maisha yake yote. Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani."

Asubuhi yake alikuwa kwenye ngazi za duka la Raafat kabla halijafunguliwa. Memori ya zamani ilikuwa bado kwenye droo. Diski haikuwepo. Raafat alikuwa ameipachika kwenye laptop nyingine ndogo ya aina ileile na kumuuzia mzee mmoja wa mji jirani wa Husn, karani mstaafu wa posta.

"Hukufuta vilivyomo?" Ibtihal aliuliza.

"Nilikuwa nafunga duka, dada. Nikasema inawaka, basi."

"Kwa hiyo gemu ya watu imo humo."

"Kama ilikuwemo, imo."

Huwezi kuelewa uzito wa jibu hilo mpaka ujue kuwa ripoti ya mwisho ya gemu ile ilitakiwa Alhamisi adhuhuri. Memori yoyote ya zamani ingepatikana sokoni. Diski ile, yenye uzito wake na makovu yake ya miaka kumi na minne, ilikuwa moja tu duniani. Bila diski hakuna ripoti, na bila ripoti hakuna kazi. Na sasa gemu ambayo mtu wa nje hakutakiwa kuiona ilikuwa sebuleni kwa mzee wa Husn.

Ghaleb alimpigia simu mzee huyo, anayeitwa Abu Zeidan, akiwa na ahadi ya kumpa diski mpya na bora zaidi. Jibu lilikuwa fupi. "Nimenunua kwa halali, mwanangu. Na kuna gemu humu nimefika hatua ya saba. Siitoi." Akakata.

Jumatatu hakupokea simu. Jumanne alipokea, akasema yuko kazini kinuni, akakata. Ibtihal alishinda akizunguka nyumba mpaka mama yake akamfungia nje ili apate kusali kwa utulivu.

Hapo ndipo alipoitwa Ami Faleh.

Ami Faleh, kaka wa marehemu baba yao, ana miaka sabini na joho la kahawia analolivaa kwa kazi moja tu. Ameongoza jaha, yaani ule msafara wa wazee wa kwenda kuomba jambo, mara zaidi ya ishirini. Ameposa wachumba, ametuliza waliogongana magari, na hajapata kurudi mikono mitupu.

"Tunakwenda kuposa nini?" aliuliza.

"Diski, ami," alisema Ghaleb.

"Ina ukubwa gani?"

"Kama kiganja."

Mzee alitazama kiganja chake, kisha akamtazama Ghaleb kwa muda. "Mimi nimetoa watu jela kwa joho hili," alisema. Lakini alilivaa.

Wanawake hawaendi kwenye jaha. Ibtihal alikwenda. Ami Faleh alipofungua kinywa kumkataza, Ibtihal alimuuliza kama yeye anajua tofauti ya diski na sahani. Hilo likaishia hapo.

Jumatano baada ya sala ya alasiri walikuwa wanne sebuleni kwa Abu Zeidan huko Husn: Ami Faleh, Ghaleb aliyeinamisha kichwa, Raafat na mfuko wa bisibisi, na Ibtihal karibu na mlango. Mwenye nyumba, mzee mwembamba wa miaka sitini na saba aliyevaa sweta juu ya kanzu, aliwamiminia kahawa chungu. Ami Faleh akakipokea kikombe, akakiweka mezani bila kukigusisha mdomoni. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Kwetu hapo huhitaji kueleza. Kikombe kikiwekwa chini, mgeni ana haja, na hakinywewi mpaka mwenye nyumba aseme haja imepita.

"Abu Zeidan," alianza Ami Faleh, kwa sauti ile ya harusini, "tumekuja nyumba ya ukarimu, kwa watu wa asili. Binti yetu amepoteza kitu chake kwa kosa la huyu mwehu hapa." Ghaleb aliinama zaidi. "Kitu hicho kiko kwako kwa halali. Hatukuja kudai. Tumekuja kuomba, na kahawa yako hatuinywi."

Abu Zeidan aliinuka, akaleta laptop yake ndogo, akaiweka katikati ya vikombe.

"Kahawa mtainywa," alisema. "Lakini kwanza aniambie mtu, kwa nini punda wangu anaganda?"

Ibtihal alikuwa ameshasimama. "Anaganda wapi, hajji?"

"Kwenye kinu. Hatua ya saba. Siku ya tatu leo. Nafika mbali, kisha kila kitu kinasimama, hata jua."

"Haiwezekani. Hatua ya saba nimeicheza mara mia."

"Basi mimi ni mwongo, na kahawa imeshamiminwa."

"Cheza nione."

Akacheza. Katika hatua hiyo mchezaji humwongoza punda anayezungusha jiwe la kinu. Ibtihal huimaliza kwa dakika tisa. Abu Zeidan alimzungusha punda mara tatu, akamsimamisha kivulini, akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Mbona umesimama?" Ibtihal aliuliza.

"Anapumzika."

"Hajji, huyu si punda wa kweli."

"Baba yangu alikuwa na kinu Husn hapahapa. Mnyama anayezunguka hupata kizunguzungu. Mizunguko mitatu, kisha apumzike. Ukimlazimisha, siku ya pili hainuki." Akajinyoosha kitini. "Hujawahi kumpumzisha?"

"Gemu haimlazimishi mtu."

"Sikuuliza gemu inasema nini."

Walikaa hivyo kwa muda wa zaidi ya saa tatu. Ghaleb alisinzia. Raafat aliuliza mara mbili kama anaweza kwenda dukani, na Ami Faleh, aliyekatazwa na heshima yake mwenyewe kunywa hata tone, alikuwa anakitazama kikombe. Ibtihal alihesabu mapumziko. La arobaini na moja lilipoanza, feni ikanguruma, na kila kitu kikasimama, hata jua.

Alielewa palepale. Kila punda alipopumzika, gemu ilikuwa inahifadhi kitu kidogo bila kukitupa, mpaka mashine dhaifu ikajaa. Kwenye kompyuta yenye nguvu usingeona chochote. Kwenye Ajuza ungeona, kama tu ungekuwa na subira ya kumsimamisha punda. Yeye alikuwa analipwa kuliona kosa hilo kwa miezi minane.

"Hajji," alisema, "kosa si lako. Ni letu. Ni langu, sikuliona."

Mzee alimwangalia, kisha akamgeukia Ami Faleh. "Kunyweni kahawa yenu."

Ami Faleh alikunywa kahawa iliyopoa kama barafu, kwa uso wa mshindi. Raafat alifungua laptop zote mbili juu ya meza ileile na kubadilisha diski. Walipotoka, Ibtihal alikuwa amembeba Ajuza kifuani kwa mikono miwili.

Alhamisi asubuhi Ajuza aliamka kwa dakika nne na sekunde tisa. Ripoti ilikuwa tayari saa tatu, isipokuwa mistari miwili: mmoja kuhusu punda, mwingine kuhusu Husn. Aliiandika, akaifuta. Aliiandika tena. Angeweza kunyamaza. Gemu ingetoka, na ni nani mwingine duniani angempumzisha punda wa kuchora mara arobaini? Mama yake alimuuliza kwa nini anazunguka meza.

"Nilimwambia, natafuta sababu ya kusema uongo na siipati," anasema Ibtihal. "Nilimfikiria mzee mwingine mahali fulani, na laptop yake, siku tatu anajiona mjinga."

Aliituma ikiwa na mistari yote. Injinia Hazar alipiga simu baada ya dakika ishirini.

"Miezi minane, Ibtihal."

"Ndiyo."

"Na gemu imeonekana nje."

"Ndiyo. Na mzee huyo nimemwomba asimwonyeshe mtu, amekubali. Lakini ndiyo."

Hazar akamweleza. Gemu haitatoka mwaka huu. Mkataba wake unakwisha tarehe thelathini na moja Desemba. Ikiwa kabla ya siku hiyo ataleta ripoti ya gemu nzima, hatua zote tisa, ndani ya Ajuza, ikichezwa kwa mwendo wa yule mzee, mkataba utaendelea. Asipoleta, wataagana kwa wema.

"Nilifurahi," anasema. "Nikasema, hilo tu? Kisha nikajaribu."

Amejaribu mara tatu nyumbani. Mara ya kwanza alifika hatua ya pili, akajikuta anamkimbiza punda bila kujua mkono umekwenda saa ngapi. Mara ya pili aliwasha simu impigie kengele, akaizima kengele. Mara ya tatu Ghaleb aliketi kumlinda, wakagombana, akamfukuza.

Kwa hiyo sasa, Jumapili na Jumatano, anambeba Ajuza mpaka Husn. Wiki hii amefika hatua ya nne, na zimebaki siku kumi na tisa. Akimaliza, anataka kumwomba Injinia Hazar nafasi ya pili, ya mtu wa kucheza polepole, na jina la kuandika analo. Mwenyewe Abu Zeidan amesema hataki mshahara, anataka waongeze maji kwenye kinu, maana katika gemu nzima punda hana pa kunywa.

Saa nane mchana, sebuleni kwa mzee, mvua inapiga kioo cha dirisha. Ibtihal anambonyeza punda asimame kivulini, kisha anaikalia mikono yake yote miwili. Abu Zeidan anamimina chai ya majani ya maramia taratibu, kama mtu asiye na pa kwenda.

"Ameshapumzika, hajji."

"Bado."

"Dakika tatu sasa."

"Wewe ndiye unayehema, yeye katulia."

Dakika ya nne, mkono wa kulia unamchoropoka, unakwenda mpaka juu ya kitufe, unabaki hapo hewani. Mzee anauona, anasogeza kikombe karibu. Ibtihal anautazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha anaurudisha chini ya paja, anaukalia, na kwa mkono wa kushoto anapokea chai.

Anaipuliza kwanza.